Kulizuru Kanisa Kuu la Bibi Yetu wa Amani, Bukavu

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mnalijua Kanisa Kuu la Bukavu. Wengine mmesali ndani yake siku mtoto wenu au ndugu yenu alipopewa upadri. Lakini yako mambo ambayo mtu huyapita kila siku bila kuyatazama. Mimi mwenyewe nimelipita kanisa hilo mara nyingi, mfuko wa chumvi begani, nikiwaza bei ya sokoni na njia ndefu ya kurudi nyumbani. Halafu siku moja mtoto aliniuliza swali mbele ya mlango wake, nami sikuwa na jibu tayari. Haya niandikayo ndiyo niliyomjibu siku ile, pamoja na yale niliyoyafahamu baadaye.

SAFARI YETU

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 26 Oktoba 2024. Nilikuwa na watoto 24 ambao nawafundisha dini, wapate kupokea Kipaimara. Padri wetu aliniambia: "Mwalimu, watoto hawa wamejifunza kwamba Askofu ndiye mchungaji wa jimbo. Lakini kwao hilo ni neno la kitabuni tu. Uwapeleke mjini wakaone kanisa lake na kiti chake."

Basi tukasali Malaika wa Bwana, tukaondoka kabla ya jua kutoka. Kila mtoto alikuwa na viazi vitamu vyake alivyofungiwa na mama yake. Wengi wao walikuwa hawajafika mjini hata mara moja. Tulishuka milima kwa miguu, tukiimba na kusali Rozari kwa zamu, wavulana fungu hili na wasichana fungu lile.

Tulipofika mahali ambapo mji waonekana wote, nikawasimamisha. "Tazameni," nikawaambia. "Mji huu umeingia ziwani kama mkono wa mtu anayenawa. Rasi zile ndizo vidole vyake." Wakatazama wakanyamaza. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na maji yake hutoka kwa mto Ruzizi, yakateremka mpaka Ziwa Tanganyika. Na ng'ambo ya Ruzizi ni nchi nyingine, Rwanda.

Wazee wa Bushi husema kwamba jina la Bukavu latokana na ng'ombe, kwa kuwa mahali hapo palikuwa malisho. Wakati wa Wabelgiji mji uliitwa Costermansville, kwa jina la mkubwa mmoja wa serikali yao. Miaka ya hamsini ukarudishiwa jina lake la kwanza.

Mji wa mpakani una faida zake, maana biashara hupita. Lakini una taabu zake pia, maana hata vita hupita njia ile ile. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza huko Ulaya mwaka 1914, haikukawia kufika kwetu. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa letu. Babu zetu hawakujua mwanzo wa ugomvi ule, lakini waliipata sehemu yao ya mateso. Mwezi wa Agosti mwaka 1967 mji wa Bukavu ulitekwa na askari wa kukodiwa chini ya Mbelgiji Jean Schramme, nao wakakaa humo mpaka Novemba. Watu walikimbilia vijijini, na nyumba nyingi zikaharibika. Ya mwaka 1996 na ya 1998 na ya 2004, wasomaji wengi mnayakumbuka ninyi wenyewe.

Tukashuka, tukapita Kadutu penye soko, watoto wakishikana mikono kwa hofu ya pikipiki. Kisha Nyawera. Hapo Nyawera niliwasimamisha tena, lakini sikuwaambia sababu. Nikasema tu: "Mahali hapa mpakumbuke. Tutapazungumza tukifika kanisani."

SWALI LA MTOTO

Kanisa lenyewe halina haja ya kuelekezwa. Kuba yake yaonekana toka mbali, na mtu akiitazama hujua kwamba mji huu una nyumba ya Mungu. Watoto walipolikaribia wakanyamaza wenyewe.

Mbele ya mlango nikauliza: "Nani ajua kanisa hili limewekwa chini ya ulinzi wa nani?"

Wavulana wawili wakajibu pamoja: "Bibi Yetu wa Amani!"

Hapo msichana mmoja wa miaka 13, mpole, ambaye katika mafundisho hasemi mpaka aulizwe, akainua mkono. Akasema: "Mwalimu, kama ni wa Amani, amani yenyewe iko wapi? Baba yangu alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu, wenye silaha wakamwua. Tulikuwa tumemwombea kila jioni kwa Bikira Maria."

Wasomaji wapenzi, nimesoma seminarini. Nimefundishwa kujibu maswali mengi kwa utaratibu, la kwanza, la pili na la tatu. Lakini mtoto huyu hakuuliza swali la shule. Nikamwambia: "Mwanangu, swali lako ni kubwa kuliko mwalimu wako. Kwanza tuingie tumsalimu mwenye nyumba. Kisha tutalitazama kanisa lote, na tukimaliza uniulize tena."

IMANI ILITANGULIA MAWE

Tukapiga magoti mbele ya Sakramenti Takatifu. Halafu nikawaketisha kwenye viti vya nyuma, nikawaeleza kwa sauti ya chini habari za mwanzo.

Mwaka 1906 Mapadri Weupe, ndio Wamisionari wa Afrika waliowekwa na Kardinali Lavigerie, walifungua misioni ya Nyangezi. Ndipo mlango wa Injili ulipofunguliwa katika nchi ya Bushi. Siku zile palipo kanisa hili hapakuwa na kanisa. Imani ilipita kilima kwa kilima kwa miguu ya Mapadri na ya makatekista. Katekista alikuwa na katekisimu yake na Rozari yake, na kibanda cha majani kilichokuwa shule siku sita na kanisa siku ya saba. Nikisema haya sijisifu. Ninawakumbuka wale walionitangulia, ambao majina yao hayakuandikwa popote ila mbinguni.

Mwaka 1929 Roma iliitenga nchi yetu iwe Vikariati ya Kitume ya Kivu, yaani jimbo ambalo bado ni changa. Miaka 30 baadaye, tarehe 10 Novemba 1959, Papa Yohane XXIII aliliinua Kanisa la Kongo likawa na majimbo kamili kama nchi nyingine zenye Wakristu wa zamani. Yakawekwa majimbo makuu sita: Léopoldville, Coquilhatville, Stanleyville, Luluabourg, Elisabethville, na la sita Bukavu. Askofu Mkuu wa kwanza alikuwa Mgr Louis Van Steene, wa Mapadri Weupe. Aliyemfuata miaka ile ile ya sitini alikuwa mwana wa Afrika, Mgr Aloys Mulindwa, naye alichunga mpaka mwaka 1993.

"Mmeona?" nikawauliza watoto. "Kutoka Nyangezi mpaka Jimbo Kuu ni miaka 53 tu. Waliobatizwa wakiwa watoto mwanzoni, wengine waliyaona yote mawili."

KITI KISICHO NA MTU

Kisha tukasogea mbele, mpaka mahali pa altare. Nikawaonyesha kiti cha Askofu. Mvulana mmoja akauliza: "Mwalimu, mbona hakuna mtu?" Wenzake wakacheka, lakini swali lake halikuwa la kuchekwa.

Nikawaeleza hivi. Neno katedrali latoka katika lugha ya Wayunani, na maana yake ni kiti. Kanisa haliitwi katedrali kwa sababu ni kubwa au kwa sababu kuba yake ni ndefu. Kanisa dogo la udongo, kama Askofu ameweka kiti chake humo, ni katedrali. Na kanisa kubwa la marumaru lisilo na kiti hicho si katedrali. Kiti ni alama ya mchungaji anayefundisha na kukaa na watu wake. Ndiyo sababu Wakristu, wakikiona kitupu siku nyingi, huona kama nyumba isiyo na baba.

Kiti cha Bukavu kimepata kuwa kitupu. Katika miaka tisa, tangu 1996 mpaka 2005, Wakristu wa Bukavu waliwalilia Maaskofu Wakuu watatu. Nikawaambia watoto: "Sasa twende nje, tukawatembelee."

MAKABURI YA WACHUNGAJI

Kwenye kiwanja cha kanisa kuna makaburi yao. Siku ile tulimkuta mama mmoja mzee ameketi karibu, kikwembe chake kimefunika miguu, Rozari mkononi. Tukamsalimu: "Tumsifu Yesu Kristu, mama." Akaitikia: "Milele na milele, wanangu," akatusogezea nafasi.

Wa kwanza ni Mgr Christophe Munzihirwa. Alizaliwa mwaka 1926, katika nchi yetu hii ya Bushi. Akawa padri mwaka 1958, kisha akaingia katika shirika la Wayesuiti. Baadaye alikuwa Askofu wa Kasongo, akaitwa kulichunga Jimbo Kuu la Bukavu wakati mgumu kupita yote. Maana mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi katika Rwanda, watu mamia ya maelfu walivuka mpaka wakaingia Kivu. Mji ukajaa. Watu walilala barabarani na shuleni, na kipindupindu hakikuwa mbali. Kati yao walikuwamo wenye damu mikononi, na walikuwamo wanawake na watoto wasiojua lolote.

Askofu aliona hatari pande zote mbili: ya watu kusahau waliouawa, na ya watu kumhesabu kila mkimbizi kuwa mwuaji. Akasema wazi. Wenye nguvu wa pande zote walimchukia, kwa kuwa hakuwa wa upande wao. Mwezi wa Oktoba mwaka 1996 vita ilipoukaribia mji, wakubwa wengi wa serikali na wa jeshi waliondoka. Yeye alibaki. Siku zake za mwisho alikuwa akiwaomba wakubwa wa mataifa wasikae kimya.

Tarehe 29 Oktoba 1996, jioni, askari waliokuwa wakiuteka mji walilisimamisha gari lake pale Nyawera, karibu na chuo cha Alfajiri cha Mapadri Wayesuiti. Alishuka, msalaba wake mkononi, akauawa. Mwili wake ulilala pale pale usiku kucha. Kesho yake vijana wa seminari ndio waliothubutu kwenda kuuchukua.

Watoto wakatazamana. Walikuwa wamekumbuka mahali nilipowasimamisha asubuhi.

Hapo nikawaambia jambo ambalo sikuwa nimewaambia kamwe. Mwaka ule nilikuwa mtoto wa miaka 6. Nakumbuka pindo la kikwembe cha mama yangu, ambalo nililishika njia nzima tukikimbia, na nakumbuka sauti za watu wakisema gizani: "Wamemwua Mzee." Ndivyo Wakristu walivyomwita, Mzee. Mimi sikujua ni mzee gani. Nilidhani ni babu ya mtu.

Yule mama aliyeketi akainua kichwa, akasema: "Mimi, mwalimu, sikukimbia. Nilikuwa na mtoto mchanga na mama mkwe asiyeweza kutembea. Jirani zangu wote wakaondoka. Nikasikia kwamba Askofu yuko. Nikasema, basi, kama yeye yuko, nami nitakaa. Nikafunga mlango." Akanyamaza kidogo. "Kesho yake nikasikia amekufa. Lakini nilikuwa nimekwisha kukaa."

Sikuongeza neno. Husimuliwa kwamba Mgr Munzihirwa mwenyewe alipenda kusema kuwa yako mambo yasiyoonekana vema ila kwa macho yaliyolia. Nilipomtazama mama yule nikaona maana ya maneno hayo.

Wa pili ni Mgr Emmanuel Kataliko. Huyu alitoka Butembo-Beni, ambako alikuwa Askofu tangu mwaka 1966. Watu wa kule wanamkumbuka kama baba wa maendeleo, maana chini yake, mwaka 1989, kilianzishwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Mwaka 1997 akatumwa Bukavu, kwenye kiti ambacho mwenzake alikuwa ameuawa. Hebu fikirini, ndugu: mtu wa miaka zaidi ya 60, amekwisha kufanya kazi miaka 31 mahali pamoja, anaambiwa aache yote aende penye moto. Akaenda.

Mwaka 1998 vita ikarudi. Katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999 alilaumu unyonyaji wa nchi na mateso ya raia, tena aliwaonya Wakristu wenyewe wasiuze dhamiri zao. Mwezi wa Februari mwaka 2000 waasi waliotawala mji wakamzuia asirudi Bukavu, wakampeleka Butembo. Miezi saba kiti hiki kilikuwa kitupu, na mwenyewe yu hai. Alirudi tarehe 14 Septemba 2000, siku ya sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Siku 20 baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki ghafula huko Italia, alikokwenda kwa mkutano wa Maaskofu. Watu waliokuwa wameimba kwa furaha aliporudi, wakaja tena kumpokea katika sanduku.

Wa tatu ni Mgr Charles Mbogha, aliyewekwa mwaka 2001. Yeye hakuuawa wala hakufukuzwa. Msalaba wake ulikuwa ugonjwa, akafariki mwaka 2005. Nawaomba wasomaji tusimsahau kwa kuwa habari yake ni fupi. Mchungaji aliye mgonjwa katika jimbo lenye vita ana mateso yake, ingawa hayasimuliwi sana. Mwaka 2006 akafuata Mgr François-Xavier Maroy Rusengo, na kiti kikapata mtu.

AMANI YAINGIA LINI KATIKA MISA?

Tulikula viazi vyetu kivulini, na mama yule tukampa fungu lake. Ndipo yule msichana akaja. Hakuwa amesahau. "Mwalimu, tumemaliza kutazama."

Nikamjibu kwa mambo mawili, nami nawaandikia hapa kama nilivyomwambia.

La kwanza ni juu ya jina. Mwaka 1917, katikati ya vita vile vya kwanza vya dunia, vile vilivyofika mpaka Idjwi, Papa Benedikto XV aliwataka Wakristu wamwite Bikira Maria, katika Litania yake, Malkia wa Amani. Hakusubiri vita viishe ndipo amshukuru kwa jina hilo. Alilitaja katika miaka ambayo vijana wa Ulaya walikuwa wakifa kwa maelfu kila siku, pande zote mbili Wakristu, pande zote mbili wakisali. Kwa hiyo jina la Amani si habari ya kueleza hali ya mji. Ni kilio. Mtu mwenye njaa husema "chakula" kwa nguvu kuliko aliyeshiba. Bukavu ikiita kanisa lake la Amani, haisemi uongo. Inaomba.

La pili ni juu ya Misa. Ninyi mnajua kwamba mwaka 1988 Roma iliyakubalia majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire siku zile, taratibu ya Misa inayofuata desturi zetu. Mwanzoni twawaita Watakatifu, na pamoja nao wazee wetu wenye moyo mnyofu, wawe pamoja nasi. Lakini watu wachache huangalia jambo hili: katika taratibu hiyo, toba haiji mwanzoni. Kwanza twasikiliza Neno la Mungu na mahubiri. Neno likisha kutuonyesha tulivyo, ndipo twainama na kuungama makosa yetu, tukanyunyiziwa maji. Na mara baada ya toba, kabla ya kuleta vipaji altareni, ndipo twapeana amani.

"Basi," nikamwambia, "amani iko wapi? Iko katikati ya toba na sadaka. Aliyemwua baba yako hajafika kwenye toba, ndiyo sababu amani haijafika kwako. Hilo si kosa la Bikira Maria, wala si kosa la sala zako. Lakini wako watu wanaoishika nafasi ile isipotee. Makaburi uliyoyaona ni ya watu wa namna hiyo. Wao walifika mpaka sadaka."

Akafikiri. Kisha akasema: "Na yule mama?"

"Na yule mama pia."

Sikujua kama nilimtosheleza. Mtoto aliyefiwa na baba hatoshelezwi na maneno ya mwalimu. Tukasali Salamu Maria tatu mbele ya makaburi, moja kwa ajili ya baba yake, tukaanza kupanda milima.

YALIYOFUATA

Ningeweza kuishia hapa, lakini ingekuwa nusu ya habari.

Haikupita miezi minne. Mwezi wa Februari mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa mwishoni mwa Januari, waasi wa M23 wakaja upande wetu. Dominika tarehe 16 Februari walikuwa katikati ya mji wa Bukavu. Sisi huku milimani tuliona watu wakipita na magodoro vichwani, wengine wakipanda, wengine wakishuka, hakuna aliyejua upande ulio salama. Watu walikuwa wakiulizana maswali yale yale niliyoyasikia gizani nikiwa mtoto.

Nitasema kweli, maana katekista asiyesema kweli afadhali anyamaze. Mzigo wangu ulikuwa umefungwa. Mke wangu alikuwa amefunga sufuria mbili na nguo za watoto, nami nilikuwa nimetia katekisimu yangu juu ya unga. Tulikuwa tunangoja jirani mmoja atuambie njia.

Jumamosi ilipofika, nikaenda kanisani kwa desturi tu, kufunga madirisha. Nilikuwa nimeamini kwamba hapatakuwa na mafundisho. Kumbe watoto walikuwa wameketi kwenye ngazi. Si wote: 17 kati ya 24. Yule msichana alikuwapo.

Akaniuliza: "Mwalimu, Padri amebaki?"

Nikajibu: "Amebaki. Yumo ndani, anasali Breviari."

"Na wewe?"

Wasomaji wapenzi, mtu aweza kufundisha mambo ya kiti cha Askofu kwa ufasaha sana, hata wengine wakalia, na bado mzigo wake umefungwa nyumbani. Nilimtazama mtoto huyu, nikamkumbuka mama wa Rozari. Askofu alikuwa amebaki, naye akabaki. Huenda yuko mtu mwingine aliyebaki kwa sababu yake, nasi hatumjui. Na sasa watoto 17 walikuwa wakingoja kujua kama mwalimu yuko.

Nikasema: "Nami nimebaki." Akafungua daftari lake. Tukaanza pale tulipoishia, katika vipaji saba vya Roho Mtakatifu, nacho kilikuwa kipaji cha nne, nguvu.

Simlaumu aliyekimbia. Mama mwenye watoto akiona risasi, kukimbia si dhambi, na hata Yosefu Mtakatifu alikimbia usiku pamoja na Mtoto na Mama yake kwenda Misri. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1996, na ndiyo sababu ni mzima leo naandika. Lakini nilijifunza jambo ambalo sikulielewa siku ya ziara yetu. Nilidhani niliwapeleka watoto wakaone mambo ya kale. Kumbe kanisa lile halihifadhi mambo ya kale tu, kama makumbusho. Kila kizazi huulizwa pale mlangoni swali lile lile, na kila kizazi hujibu kwa zamu yake.

Kwa hiyo nawaomba. Mkifika Bukavu kwa soko, kwa mgonjwa au kwa karatasi za serikali, ingieni katika Kanisa Kuu walau dakika tano. Msalimieni Yesu katika tabernakulo. Tazameni kiti. Mwombeeni Askofu, maana kukalia kiti kile ni kazi nzito kuliko tunavyodhani. Kisha tokeni mkasali makaburini, nanyi mkimkuta mama mzee mwenye Rozari, msipite bila kumwamkia. Wapelekeni na watoto wenu, mkawaeleze majina na miaka, wasije wakakua wakidhani kwamba Mzee alikuwa babu ya mtu mwingine. Alikuwa wa kwetu.

Na wakiwauliza amani iko wapi, msiwafukuze kwa neno kali. Wajibuni kama mjuavyo. Halafu mbaki nao.

Bibi Yetu wa Amani, utuombee.